Chozi wa Pemba: mweusi kivulini, johari juani

BAADA ya swala ya alfajiri, siku ya pili tangu nifike Pemba kuwatembelea jamaa, nilitoka msikitini pamoja na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka 9. Tulikata njia ya migombani ili tuwahi chai. Mbingu ilikuwa imeanza kupauka, lakini chini ya migomba giza lilikuwa halijaondoka vyema. Mara mwenzangu akasimama, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa manati.

Nilifuata macho yake. Kwenye ua la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, alikuwapo ndege mdogo mno, urefu wake kama kidole cha mtu mzima. Alikuwa amejishika kwa kucha, kichwa chini miguu juu, na mdomo wake mwembamba uliopinda ameuzamisha ndani ya ua.

"Ndege gani yule?" nilimuuliza.

"Kidege cheusi tu, ami."

Neno lile "tu" ndilo lililonishughulisha. Sikumnyang'anya manati. Nilimwambia tukae juu ya gogo la mnazi, tumtazame ndege mpaka jua lipande, kisha aamue mwenyewe. Alikaa shingo upande. Ndege aliruka, akaenda, akarudi. Akaenda tena, akarudi palepale. Ilipotimia kiasi cha nusu saa, jua likapenya baina ya majani na kuliangukia lile ua. Na yule aliyekuwa mweusi akawaka. Kichwa na mgongo vikawa kijani cha kung'ara kama bati jipya lililopakwa rangi, na kifuani pakatokea zambarau iliyokolea. Alipogeuza shingo tu, weusi ukarudi.

Mtoto alisema, "Subhanallah." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Ami, amebadilika, au huyu ni mwengine?"

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu la swali lile. Ni makala juu ya namna ya kumtafuta na kumtambua ndege mzuri kuliko wengi tulionao, tena pasipo kumgusa. Na ni makala juu ya "tu" ile, kwa maana mara nyingi tunachokidharau ni kile ambacho hatujakitazama ipasavyo.

NDEGE WA KISIWA KIMOJA

Ndege yule anaitwa chozi. Waswahili wamempa jina moja na tone litokalo jichoni, na kweli ni mdogo na anang'aa kama tone. Chozi ni ukoo mkubwa. Duniani wapo aina zaidi ya 140, wengi wao katika bara la Afrika, na wengine wameenea Asia mpaka Australia. Karibu wote wana sifa tatu zinazofanana: mdomo mwembamba uliopinda, ulimi mrefu wa kufyonzea utamu wa maua, na madume wenye manyoya ya kumeta.

Lakini tuliyemwona sisi si chozi wa kila mahali. Ni chozi wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Cinnyris pembae, jina alilopewa mwaka 1905 na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Ujerumani. Ndege huyu anaishi Pemba na katika visiwa vidogo vinavyoizunguka, na hana makazi mengine chini ya jua. Hayupo Unguja. Hayupo Tanga wala Mombasa. Mtu akitaka kumwona akiwa huru, hana budi kuvuka bahari aende Pemba.

Kwa nini iwe hivyo? Jawabu limo katika kina cha bahari. Mkondo baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi ya mita tu. Zama za kale, maji mengi ya dunia yalipoganda yakawa barafu na bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara, na viumbe wakapita kwa miguu na kwa mbawa. Mkondo wa Pemba, kwa upande wake, una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa. Viumbe waliokuwamo wakaishi peke yao muda mrefu, mpaka wakawa na umbo lao na sauti zao.

Hivyo Pemba ikajaaliwa ndege wanne ambao ni wake peke yake: chozi huyu, kinengenenge wa Pemba, ninga wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba. Kisiwa ambacho mtu hukivuka kwa gari kutoka Mkoani hadi Konde katika sehemu ya siku kimepewa amana ya aina nne za ndege ambazo Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuziweka penginepo. Anayekulia Pemba huwaona kila siku, na pengine kwa sababu hiyo hiyo hupita bila kuwatazama.

RANGI INAYOTENGENEZWA NA NURU

Tukirudi kwa swali la mtoto: ndege ni yuleyule, na hakubadilika. Kilichobadilika ni nuru.

Rangi za ndege ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ambayo imo ndani ya unyoya wenyewe kama rangi ilivyo ndani ya kitambaa kilichotiwa rangi. Uwe juani au kivulini, kitambaa chekundu ni chekundu. Namna ya pili ni ya ajabu zaidi. Katika unyoya wa chozi dume hamna chembe ya rangi ya kijani. Yamo matabaka membamba mno ya chembe nyeusi, yaliyopangwa kwa vipimo madhubuti. Mwanga wa jua unapoyapiga, matabaka hayo huurudisha kwetu umechujwa, na jicho likaona kijani au zambarau kwa kadiri ya pembe ambayo mwanga umeingia na kutoka.

Jambo hili tunaliona kila siku bila kulifikiri. Povu la sabuni la mama afuaye nguo lina rangi za upinde wa mvua, ilhali sabuni yenyewe haina rangi hizo. Tone la petroli juu ya dimbwi la barabarani hung'aa buluu na zambarau, na ukisogea hatua moja rangi zinahama. Ndani ya kombe la chaza hali ni hiyo hiyo. Manyoya ya chozi ni ya jamaa hiyo. Nuru ikiondoka, unabaki ule weusi wa asili, na mtazamaji mwenye haraka ataapa kuwa ameona kidege cheusi.

Katika Suratu Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatutajia matunda ya rangi mbalimbali, milima yenye mistari ya rangi mbalimbali, kisha watu, wanyama na mifugo kwa rangi zao. Baada ya kutaja rangi hizo zote, papo hapo anatajwa nani amchaye Allah kwa haki miongoni mwa waja Wake, nao ni wenye elimu. Kwa hiyo rangi zimetajwa, na elimu ikafuatia. Mtoto aliyetazama mpaka akauliza kama ndege amebadilika alikuwa amekwisha kuanza safari hiyo.

NAMNA YA KUMTAFUTA

Mzazi anayetaka kumtafuta chozi pamoja na watoto hahitaji fedha wala vyombo vya gharama. Darubini ikiwapo inasaidia, lakini isipokuwapo si udhuru, kwani chozi si mwoga sana na humkaribia mtu aliyetulia. Vinahitajika daftari, kalamu, na mambo matano yafuatayo.

Kwanza, wakati. Muda bora ni baada ya alfajiri mpaka kiasi cha saa 4 asubuhi. Ndege mdogo huumaliza mwili wake chakula upesi, na usiku kucha hajala, kwa hiyo asubuhi huwa na shughuli nyingi. Imepokewa katika hadithi mashuhuri kwamba Mtume (S.A.W.) alitoa mfano wa ndege ambao hutoka asubuhi matumbo yakiwa matupu na kurejea jioni yakiwa yamejaa, akiwafundisha maswahaba maana ya kumtegemea Allah kama inavyostahiki. Anayeketi karibu na ua la mgomba asubuhi huuona mfano huo kwa macho yake, na huona pia kwamba ndege hakubaki juu ya tawi akisubiri. Ametoka.

Pili, mahali. Usimtafute ndege, tafuta ua. Chozi wa Pemba hana haja ya msitu mkubwa. Yupo katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, lakini pia yupo mashambani, minazini na katika bustani za nyumba. Anza na ua la mgomba na maua ya mnazi. Tazama pia juu ya miembe na miti mingine iliyoota kirukia, ule mmea unaokaa juu ya matawi ya wenzake. Mkulima haupendi, lakini maua yake ni karamu kwa chozi. Ukipata ua linalotembelewa, usihame, maana utamu wa ua hujaa tena, na ndege hulikumbuka na kulirudia.

Tatu, nuru. Kaa ili jua la asubuhi liwe mgongoni mwako na ua liwe mbele yako, yaani elekea magharibi. Ukilielekea jua, hata chozi aliye bora utamwona kama kivuli. Wengi wanaosema kuwa hawajapata kumwona ndege huyu wamemwona mara mia, ila walisimama upande usiofaa.

Nne, masikio. Mara nyingi chozi husikika kabla ya kuonekana. Sauti yake ni nyembamba, ya juu na ya haraka, mlio mfupi mfupi wenye ukali kama wa vyuma vidogo vinavyogongana. Kisha dume hupanda kitawi kilicho wazi na kumimina mfululizo wa sauti kwa kasi ambayo sikio halidiriki kuzihesabu. Waambie watoto wafumbe macho kwa dakika moja na kila mmoja aelekeze kidole kule anakosikia mlio. Huo ni mchezo, na pia ni mafunzo.

Tano, utulivu. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa wakubwa na wadogo. Weka simu mfukoni. Zipo simu zenye milio ya ndege iliyorekodiwa, na wapo watu wanaoicheza ili ndege aje. Haifai. Dume huidhani kuwa ni ya adui aliyeingia katika eneo lake, akaacha kula na kulisha watoto ili apigane na mtu asiyekuwapo.

NAMNA YA KUMTAMBUA

Kwa kuwa rangi yake huja na kuondoka, asiyejua huanza nayo na kupotea. Anayejua huifanya ya mwisho. Mfundishe mtoto kuuliza maswali kwa mpango huu.

Mdomo ukoje? Mdomo wa chozi ni mwembamba na umepinda kuelekea chini. Hii ndiyo alama ya kwanza inayomtenga na kinengenenge wa Pemba, ndege mwingine mdogo anayependa miti hiyo hiyo. Kinengenenge ana mdomo mfupi ulionyooka, ni wa manjano, na jicho lake limezungukwa na duara jeupe kama mtu aliyevaa miwani. Shomoro na chiriku wao wana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu.

Ukubwa wake ukoje? Chozi wa Pemba ana kiasi cha sentimita 10, kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Shomoro ni mkubwa kuliko yeye.

Anafanya nini? Chozi hatulii. Hujishika kwenye ua katika kila mkao, hufyonza, huruka, hurudi. Huweza kupiga mbawa akaelea hewani kwa kitambo mbele ya ua, lakini kwa kawaida hutua ndipo akala. Pia hukamata wadudu na buibui wadogo, na hicho ndicho chakula kikubwa cha makinda yake.

Baada ya hayo ndipo tuulize rangi. Dume akiangukiwa na jua ana kichwa na mgongo wa kijani chenye mng'ao wa madini, kifua chenye zambarau, na tumbo jeusi. Jike hana mng'ao. Mgongo wake ni wa kijivujivu na upande wa chini ni mweupe unaoelekea umanjano. Watu wengi humdhani jike kuwa ndege wa aina nyingine kabisa, au kuwa ni kinda. Dume mchanga naye huupata mng'ao kidogo kidogo, na kwa muda huonekana kama aliyevaa nguo ya viraka. Basi ukimwona ndege mwenye rangi hafifu pamoja na dume anayemeta juu ya ua moja, tazama midomo yao. Ikiwa yote miwili imepinda, pengine umewaona mke na mume.

KWA MSOMAJI ALIYE MBALI NA PEMBA

Msomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja asikate tamaa, kwani naye ana chozi wake. Katika bustani nyingi za miji ya mwambao wa bara yupo chozi ambaye dume lake ni jeusi lenye kifua chekundu kama moto. Yupo mwingine mdogo sana, mwenye mgongo wa kijani na tumbo la manjano, anayependa vichaka na kingo za msitu. Mpango wa kutafuta na kutambua ni uleule: ua, nuru mgongoni, mdomo, ukubwa, mwenendo, kisha rangi.

Hata mahujaji na jamaa zetu waliohamia Uarabuni hawakuachwa. Yupo chozi anayeishi kuanzia nchi ya Sham, kupitia milima ya magharibi ya Arabuni, hadi Yemen na kusini mwa Oman. Anajulikana kwa jina la Palestina, na mwaka 2015 Wapalestina walimfanya kuwa ndege wa taifa lao. Naye, kivulini, ni kidege cheusi.

NYUMBA ILIYOSHONWA KWA UTANDO

Mwenye subira ya siku nyingi huenda akajaaliwa kuona kiota. Kiota cha chozi hakina umbo la bakuli. Ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, na mlango wake uko ubavuni. Mjenzi kwa kawaida ni jike peke yake. Huokota nyuzi za majani makavu, magome na sufi, kisha hukusanya utando wa buibui na kuvishonea vyote kwa utando huo.

Tunajua kutoka Suratul-Ankabut kwamba nyumba ya buibui imepigiwa mfano wa nyumba iliyo dhaifu kuliko zote. Uzi uleule, jike la chozi akiukusanya kidogo kidogo na kuukunja mara nyingi, hubeba mama, mayai yake ambayo kwa kawaida hayazidi matatu, na upepo wa kusi juu yake. Anayejua kazi iliyoingia katika kifuko kile hatathubutu kukiangusha kwa fimbo.

Sharti hapa ni moja. Tazama ukiwa mbali, hatua 10 au zaidi, kwa muda mfupi, kisha ondoka. Usivute tawi ili watoto waone mayai. Jike akishtushwa mara nyingi hukiacha kiota, na kunguru naye hufuata macho ya watu.

TUNDU NA MANATI

Hapa tunafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika vijiji vyetu watoto wa kiume hukua na manati mkononi na ulimbo mfukoni. Utomvu wa mfenesi hupakwa juu ya kitawi, ndege akatua, akanasa. Wengi wetu tuliyafanya hayo. Na wapo wazee wanaosema: kuna ubaya gani, mbona kufuga ndege hakukukatazwa?

Wasemalo lina asili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik kwamba ndugu yake mdogo, Abu Umayr, alikuwa na kidege cha kuchezea, na kilipokufa Mtume (S.A.W.) alimsemesha mtoto yule kwa upole akimuuliza habari za ndege wake. Wanazuoni walitoa humo ruhusa ya kumweka ndege, lakini wakaifunga kwa sharti la kumlisha, kumnywesha na kutomtesa. Sharti hilo lina nguvu yake, kwani tunaijua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe.

Sasa tumtazame chozi kwa sharti hilo. Yeye hali mtama wala uwele. Mdomo wake hauvunji mbegu. Riziki yake ni utamu wa maua mengi kwa siku, pamoja na wadudu anaowakamata akiruka. Mtoto anayemtia tunduni na kumwekea punje na kikopo cha maji amemfungia mbali na chakula chake, hata kama nia yake ilikuwa kumpenda. Ndege wa namna hii hafiki mbali. Kwa chozi, basi, sharti la ruhusa haliwezi kutimizwa na mtoto wa nyumbani, na ruhusa isiyo na sharti lake si ruhusa.

Ama manati ya mchezo, tuna habari ya Ibn Umar (R.A.) aliyewapita vijana waliomfunga ndege na kumfanya shabaha ya mishale. Aliwakemea, akawajulisha kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Na kuhusu makinda, Abu Dawud amepokea kwamba maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akitandaza mbawa kwa dhiki. Mtume (S.A.W.) aliporudi na kumwona, aliuliza ni nani aliyemtia ndege yule huzuni ya watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Safari ile ilikuwa ya watu wazima wenye mambo makubwa, na bado dhiki ya ndege mmoja haikuonekana ndogo.

Kwa chozi wa Pemba lipo jambo la ziada. Hadi leo hahesabiwi miongoni mwa ndege walio karibu kutoweka, alhamdulillahi, na si haba mashambani. Mwenzake, ninga wa Pemba, hali yake imekuwa ya kutia wasiwasi zaidi. Lakini ndege wa kisiwa kimoja hana akiba. Shomoro wakitoweka katika kijiji, watakuja wengine kutoka kijiji jirani. Chozi huyu akitoweka Pemba, ametoweka duniani, na hakuna jahazi litakalomrudisha.

Wala tusidhani kuwa hatuwezi. Wapemba walikwisha kuonyesha njia kwa popo wao mkubwa, ambaye naye hapatikani penginepo. Aliwindwa kwa ajili ya nyama mpaka katika miaka ya 1990 wakabaki elfu chache. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti anakolala, Kidike ikiwa miongoni mwa sehemu mashuhuri, na hesabu ikapanda hadi kupita 20,000. Kazi ile ilifanywa na watu wa kawaida walioamua kukitazama upya kiumbe walichokuwa wakikiita kitoweo.

DAFTARI BADALA YA TUNDU

Kumwambia mtoto "acha" hakutoshi. Mkono uliozoea manati unataka kitu kingine cha kushika, nacho kiwe daftari. Kila asubuhi ya mapumziko aandike tarehe, saa, mahali, ua lililotembelewa, na alichokiona: mdomo, ukubwa, mwenendo, sauti, rangi. Asiandike jina la ndege kabla ya kujibu hayo. Akikosea, asichekwe. Arudi kesho akatazame tena. Baada ya mwezi mmoja atakuwa anajua juu ya migomba ya nyumbani kwao mambo ambayo baba yake hayajui, na hapo baba naye awe tayari kufundishwa.

Wasichana wasiachwe nyuma. Mara nyingi wao ndio wanaoamka mapema na kuwa uani maua yanapofunguka, na jicho lao limekwisha kuzoea kuona mambo madogo. Mama anaweza kuacha mgomba mmoja wenye ua karibu na dirisha la jiko, na darasa likawa limefunguliwa.

Yule mtoto wa ndugu yangu hakuitupa manati yake, na sitadai hivyo. Alasiri ya siku ile nilimwona akiangushia maembe. Lakini asubuhi iliyofuata, tulipotoka msikitini, alinitangulia mbio hadi kwenye gogo la mnazi, akakaa akiwa ameupa mgongo upande wa mawio kama nilivyomwonyesha. Mkononi alikuwa na daftari la skuli. Nilipofika, alinionyesha alichoandika usiku kwa taa, kwa hati ya mtoto: "Chozi dume. Kwenye ua la mgomba. Mweusi, halafu kijani. Ni yuleyule."

Lile neno "tu" halikuwamo.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye subira, na atufanye waaminifu kwa alivyotukabidhi, vikubwa na vidogo. Amin.